Redio ya setilaiti: obiti zake na kazi nyingine za setilaiti za utangazaji

Redio ya setilaiti ni utangazaji wa sauti wa kidijitali ambapo matangazo hupandishwa kutoka kituo cha ardhini hadi kwenye setilaiti, kisha hushuka moja kwa moja kwenye redio ya msikilizaji, ya nyumbani au ya gari. Mnara wa FM hufikia makumi ya kilomita; setilaiti moja huweza kulifunika bara. Kwa kuwa redio hizi hazitumii dishi bali antena ndogo, setilaiti hulazimika kurusha kwa nguvu kubwa, na kwa masafa ya chini kuliko yale ya televisheni: karibu megahezi 1,480 kwa mfumo uliohudumia Afrika na karibu megahezi 2,330 kwa ile ya Marekani.

Obiti tuli

Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta huizunguka Dunia kwa saa 23 na dakika 56, muda uleule ambao Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake. Kwa aliye chini huonekana imesimama. Mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke alionyesha mwaka 1945 kwamba setilaiti tatu za namna hiyo zingetosha kuhudumia karibu dunia nzima. Antena ikishaelekezwa, haiguswi tena. Kasoro hujitokeza kadiri mtu anavyokwenda mbali na ikweta: setilaiti huinama kuelekea upeo wa macho, nayo majengo na miti huikinga.

Afrika Mashariki haina shida hiyo. AfriStar, setilaiti ya kampuni ya WorldSpace iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, tarehe 28 Oktoba 1998 na kuwekwa kwenye nyuzi 21 mashariki. Kutoka Nairobi ilionekana nyuzi 71 hivi juu ya upeo wa macho, na kutoka Dar es Salaam nyuzi 67. Msikilizaji aliweka kiantena bapa dirishani au uani, akakielekeza magharibi na kukiinua juu, huku akitazama kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye kioo cha redio.

Obiti ya Tundra

Kaskazini mwa Marekani hali ni tofauti. Mjini Seattle, setilaiti ya obiti tuli haiwezi kupanda zaidi ya nyuzi 35 hivi. Kampuni ya Sirius iliamua kuikwepa ikweta. Mwaka 2000 ilirusha setilaiti tatu kutoka Baikonur na kuziweka kwenye njia ya duaradufu iitwayo obiti ya Tundra, iliyoinama nyuzi 63 hivi, ikishuka hadi kilomita 24,000 na kupanda hadi kilomita 47,000. Setilaiti hupunguza mwendo inapokuwa mbali na Dunia. Kwa hiyo kila moja ilikaa upande wa kaskazini takriban saa 16 kwa siku. Zikipishana kwa saa nane, mbili zilikuwa kaskazini wakati wote.

Mshindani wake, XM, mwaka 2001 alitumia setilaiti mbili za obiti tuli, zilizobandikwa majina ya “Rock” na “Roll”, na kuziba mapengo ya mijini kwa mamia ya virudia-mawimbi vya ardhini. Mifumo yote miwili ilirusha matangazo yaleyale mara mbili kwa tofauti ya sekunde chache, ili gari likipita chini ya daraja, redio ijaze pengo kwa nakala ya pili. Kampuni hizo ziliungana mwaka 2008 na kuwa SiriusXM.

Matumizi mengine

Kwa setilaiti, wimbo, ramani ya mvua na ukurasa wa kitabu vyote ni namba tu. Kila mkondo wa AfriStar uligawanywa katika vipande 96 vya kilobiti 16 kwa sekunde, na mtangazaji alikodi vichache au vingi kadiri ya mahitaji. Mradi wa RANET ulipitisha humo taarifa za hali ya hewa, ambazo kompyuta iliyounganishwa na redio ilizipokea mahali pasipo na intaneti. Stesheni za jamii, kama ile ya Kangema nchini Kenya, zilizifikisha kwa wakulima. Kenya ilitumia pia chaneli ya WorldSpace kurushia shule vipindi vya masomo. Nchini Marekani, marubani wa ndege ndogo hupokea picha za mvua na radi kupitia SiriusXM.

Setilaiti za televisheni nazo hubeba mizigo ya kando. SES-5 na Astra 5B zimebeba vifaa vya kurushia masahihisho ya EGNOS yanayoongeza usahihi wa GPS barani Ulaya. Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018, ina chombo maalumu cha wanaredio wa ridhaa, nao huwasiliana kupitia kwayo kutoka Afrika, Ulaya na Asia. Watafiti wamejaribu hata kupima upepo wa baharini kwa kusoma mawimbi ya XM yanayoakisiwa na uso wa maji.

Mipaka ipo. Redio ya msikilizaji haina uwezo wa kujibu, kwa hiyo mtumiaji hupokea kilichochaguliwa na mrushaji bila kuweza kuomba anachotaka. Maeneo yanayomulikwa na antena kwa kawaida hupangwa kiwandani, na masafa hutumika kwa kibali kilichoratibiwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU.

Mwisho wa utumishi

Setilaiti ya obiti tuli hutumia mafuta mengi kujizuia isiyumbe kaskazini na kusini. Yakipungua, mwendeshaji huweza kuacha kuirekebisha. Obiti huanza kuinama kwa kiasi kisichofika nyuzi moja kwa mwaka, na setilaiti huonekana ikichora umbo la namba nane angani. Redio za kawaida haziwezi tena kuitegemea, lakini antena zinazojielekeza zenyewe, kama za melini, huendelea kuitumia kwa kodi nafuu. Mafuta ya mwisho hutengwa kuipandisha kilomita 300 hivi, ili iiachie nyingine nafasi yake.

WorldSpace nayo ilifikia mwisho, lakini si kwa sababu ya obiti. Ilipoomba ulinzi wa mufilisi Oktoba 2008 ilikuwa na wateja wapatao 170,000, wengi wao India, idadi ndogo mno kulipia setilaiti zake.