Ruta na kisambaza mawimbi

Kisanduku chochote chenye antena na taa zinazomemeteka, maofisini Dar es Salaam na Nairobi, huitwa ruta. Jina limeshazoeleka na halina kosa. Ila mimi napenda zaidi kipanganjia, kwa kuwa linataja kazi yenyewe: kupokea data ya mtandao wa ofisi na kuipitisha kwenda mtandao mwingine. Kwa kawaida ndicho pia kinachogawa anwani kwa kila simu na kompyuta. Kile kilichofungwa darini, kinachorusha waifai tu, ni kisambaza mawimbi. Hakipangi njia yoyote.

Kuviita vyote ruta kunawagharimu watu. Duka likipanuka, mwenyewe hununua ruta ya pili, huchomeka waya kwenye tundu la LAN na kuiwasha. Sasa mashine mbili zinagawa anwani katika mtandao mmoja, na pengine zote zimetoka kiwandani na anwani ileile, 192.168.1.1. Printa haionekani, mashine ya risiti inakatakata, lawama zinaiendea kampuni ya intaneti. Kumbe ile ya pili ilitakiwa iwe kisambaza mawimbi tu: izimwe DHCP, yaani ule ugawaji wa anwani, ipewe anwani yake, na chaneli yake ya waifai ibadilishwe pia. Kwenye 2.4 GHz, chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani.

Mafundi, tafadhali, mwambieni mteja anahitaji kipi kati ya hivyo viwili kabla hajatoa pesa yake.