Barua ya parkingi Uingereza: haiko amande ya polisi, lakini usiitupe

Familia nyingi za mashariki mwa Kongo ziko na ndugu Uingereza. Wengine walifika kule kama wakimbizi kupitia mpango wa Gateway, uliofanya kazi tangu 2004 hadi 2020, na wakawekwa katika miji kama Sheffield na Hull. Wakisha kununua gari, kuna barua moja ambayo huwashitua: picha ya gari, saa ya kuingia na ya kutoka, na deni linaloweza kufika pauni 100. Mtu aliyezoea roulage ya Goma ao Bukavu anafikiri ni polisi. Analipa mbio.

Kwanza asome kichwa cha barua. Penalty Charge Notice inatoka kwa serikali ya mji, na hiyo ni amande kweli. Parking Charge Notice inatoka kwa kampuni inayochunga parkingi ya duka, hospitali ao nyumba za kupangisha. Zote mbili watu wanaziita PCN, ndipo machafuko yanaanza. Ile ya kampuni ni deni la mapatano tu: kibao kiliweka masharti, dereva akaegesha, kwa hiyo inahesabiwa kwamba amekubali. Katika England na Wales, tangu Oktoba 2012 kampuni hairuhusiwi tena kufunga gurudumu kwa chuma kwenye parkingi kama hiyo.

Kuna wanaoshauri kuchana barua. Shauri hilo limezeeka. Mwaka 2015 Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Barry Beavis, aliyepitisha dakika 56 juu ya saa mbili za bure kwenye parkingi ya maduka huko Chelmsford. Alidaiwa pauni 85, akabisha mpaka mwisho, akashindwa.

Basi, kupinga kunafanywa namna gani? Kampuni haimjui dereva. Inalipa pauni 2.50 kwa DVLA, ofisi inayoandikisha magari, ili kupata jina la mtu aliyeandikishwa na gari. Katika England na Wales, sheria ya 2012 inairuhusu kumdai huyo hata kama hakuendesha yeye, lakini kwa masharti. Kama hawakuacha karatasi kwenye kioo cha gari, barua inapashwa kumfikia ndani ya siku 14. Ikichelewa, kampuni inabaki na dereva peke yake, na dereva haijui ni nani.

Hapa ndipo wengi wanajiharibia. Wanaandika: "Mnisamehe, niliegesha kidogo tu juu mtoto alikuwa mgonjwa." Kwa sentensi moja wamejitaja kuwa dereva, na ile kinga ya siku 14 imekwisha. Afazali kuandika kama mtu aliyeandikishwa na gari, bila kusema nani aliendesha. Hakuna sheria inayomlazimisha kumtaja kwa kampuni. Kusema uongo, lakini, ni jambo lingine kabisa. Asithubutu.

Huruma peke yake mara nyingi haisaidii. Kinachosaidia ni ushahidi: picha za kibao kisichosomeka usiku, risiti ya malipo, kosa la herufi moja katika namba ya gari. Kama alikuwa mteja wa duka, amwone mkubwa wa duka na risiti mkononi. Mara nyingi huyo anaweza kuomba deni lifutwe, na mambo yanaishia pale.

Kampuni ndiyo inajibu kwanza. Aiandikie ndani ya siku 28. Ikikataa, kuna wasikilizaji wengine, POPLA ao IAS, kulingana na chama cha kampuni hiyo. Kwa POPLA ni siku 28 tena, bila malipo. POPLA ikimpa haki mwenye gari, kampuni inapashwa kuacha. Ikimkatalia, anapoteza punguzo la wanaolipa mapema, lakini bado anaweza kujitetea kama kampuni itafika tribinali.

Karatasi ya tribinali yenyewe ina siku 14 za kujibu. Akinyamaza, hukumu inapita bila yeye, na isipolipwa katika mwezi mmoja inabaki kwenye rejista miaka 6: kupanga nyumba ao kupata mkopo kunakuwa shida. Waliohama ndio wanaoangukia humo zaidi, juu barua zinakwenda kwa anwani ya zamani. Kubadilisha anwani DVLA hakulipishwi.