Plaiwudi ya Mjomba

Kipande cha plaiwudi chenye umbo la gitaa kilining'inia kwenye karakana ya mjomba, Majengo, tangu nikiwa mdogo. Yeye alikuwa fundi wa vitanda na makabati. Magitaa yalikuwa kazi ya jioni. Alikilaza juu ya ubao wa mwembe, akazungusha penseli, kisha msumeno, patasi na msasa. Alipofariki, sisi wapwa zake tuligawana vifaa. Mimi nikachukua plaiwudi.

Nilitaka kuichora upya kwenye kompyuta, kwa programu ya CAD, ili ikatwe na mashine ya CNC. Lakini kwanza nikajiuliza: hebu, umbo hili lilifikaje Majengo?

Ala za nyuzi si ngeni pwani. Kibangala huchongwa kutoka gogo moja, likachimbwa na kuwambwa ngozi. Udi hujengwa kwa vibao vyembamba vilivyopindwa. Kwa ala hizo sauti hutoka tumboni, kwenye uwazi wa ndani. Gitaa la umeme likaja kuondoa tumbo. Mwaka 1950, Leo Fender, fundi wa redio huko California ambaye hata kupiga gitaa hakujua, alianza kuuza gitaa la mbao nzima, shingo imekazwa kwa skrubu. Stratocaster ikafuata mwaka 1954. Kazi ya kusikiliza nyuzi ikaachiwa pikapu, na sisemi gari: ni sumaku zilizozungushiwa waya. Mwili ukawa ubao wa unene wa milimita 45 hivi, kitu ambacho fundi wa kabati anakielewa.

Kwetu, Fundi Konde, mzaliwa wa pwani mwaka 1924, anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Mwaka 1972 Them Mushrooms walianza Mombasa, na mwaka 1982 "Jambo Bwana" ikatoka. Mwaka huohuo wa 1982, Marekani, programu ya AutoCAD ilianza kuuzwa. Mashine yenyewe ina umri zaidi: chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kukata inayoongozwa na namba mwaka 1952, namba zikiwa zimetobolewa kwenye utepe wa karatasi.

Basi nikaipiga plaiwudi picha, rula kando yake, nikafuata ukingo nukta kwa nukta. Mapindo yalikubali. Shida ikawa mfuko wa shingo. Nilipochora mstari wa kati, mfuko ulikuwa umekwenda kombo milimita 2. Nyuzi zina urefu wa milimita 648, freti ya 12 katikati kabisa, kwenye 324. Shingo ikienda kombo, uzi wa pembeni unadondoka nje ya ubao wa vidole. Kwa kompyuta, kunyoosha ni kubonyeza tu. Lakini nilisita. Mjomba alikosea kweli?

Nikaenda kwa mzee mmoja wa mtaani aliyepiga gitaa la mjomba miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akanitolea gitaa lake. Nikapima: shingo imenyooka sawasawa! Nikamweleza habari ya plaiwudi, akacheka.

"Ati plaiwudi! Mjombako alijua imepinda. Alikuwa akivuta uzi toka kichwani hadi mkiani, akitazama kwa jicho moja, ndiyo anachimba mfuko. Ile plaiwudi ilikuwa ya kuanzia tu."

Nilirudi nyumbani kimya. Faili langu lilikuwa limehifadhi kwa usahihi mkubwa kile ambacho mwenyewe hakukiamini. Kile alichokiamini, ule uzi na lile jicho, hakikuwa kimeandikwa popote.

Nikaunyoosha mfuko. Mapindo ya nje nikayaacha yalivyo, upande mmoja mnene kuliko mwenzake, maana hayo mzee aliyatambua mara moja kwenye skrini: "Huyo ni yeye."

Imebaki kitu kimoja. Kisu cha CNC ni cha duara, cha milimita 6, kwa hiyo hakiwezi kukata pembe kali ndani ya mfuko, kinaacha mviringo. Shingo niliyonayo ina pembe kali. Lazima zimaliziwe kwa patasi, kwa mkono.

Patasi ya mjomba ilichukuliwa na binamu yangu. Nimempigia simu aniazime.