Upimaji wa unyevu katika vihami vya transfoma
Upimaji huu huchunguza karatasi na mafuta yanayohami nyaya za transfoma bila kuifungua, kwa kuipa volteji ya masafa yanayoshushwa kutoka hezi 1,000 hadi 0.001 na kupima nishati inayopotea kama joto ndani ya kihami. Kwa kuwa maji mengi hujificha katika karatasi, sampuli ya mafuta peke yake huweza kupotosha. Unyevu hudhihirika hasa kwenye masafa ya chini kabisa, ambako mzunguko mmoja tu huchukua sekunde 1,000, ingawa subira hiyo huweza kupunguzwa kwa kupima sehemu hiyo kwa mkondo unaofuatiliwa kadiri muda unavyopita, kisha kuugeuza kuwa masafa. Halijoto nayo lazima ijulikane, kwani joto husogeza mstari wote wa grafu ya upotevu wa nishati kuelekea masafa ya juu; tena asidi zitokanazo na uchakavu huongeza upotevu huo, hivyo karatasi iliyozeeka huweza kuonekana na maji mengi kuliko iliyonayo.