Mto Ulanga Haufiki Ziwa Tanganyika

Wapenzi wa sinema husaka makosa ya The African Queen, filamu ya mwaka 1951, katika mambo madogo: boti ya mfano inayoteremka maporomoko badala ya boti halisi, au maji ya mto ambayo kumbe ni ya tangi la studio ya London. Hayo yanasameheka. Mwongozaji John Huston alipiga picha Uganda na Kongo, akamalizia Uingereza, na kitambaa cha vipande vingi hakikosi kuonyesha mshono. Kosa zito liko kwenye ramani na kalenda, na mtu wa Busunzu, Kibondo, anayeujua mto Malagarasi ana haki ya kuliona kabla ya wengine.

Katika filamu, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanateremka mto Ulanga mwaka 1914 hadi ziwa linalolindwa na meli ya Kijerumani. Ulanga halisi, ambao ndio Kilombero, huingia Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Mto mkubwa unaoingia Ziwa Tanganyika kutoka mashariki ni Malagarasi, unaopita nyanda za Kibondo na Kasulu, kisha Uvinza. Na meli inayohusishwa na kisa hicho, Graf von Götzen, wakati huo ilikuwa haijagusa maji. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa na kusafirishwa vipande vipande, na ikashushwa ziwani Kigoma Februari 1915.

Atasema mtu kwamba hadithi si ushahidi wa mahakamani, na kwamba C. S. Forester, katika riwaya yake ya mwaka 1935 iliyozaa filamu hiyo, alilipa ziwa jina la kubuni. Ni kweli, mtunzi hadaiwi ramani. Lakini hadithi ikishakaa kwenye kiti cha historia, lazima ihojiwe, na Götzen, ambayo sasa huitwa Liemba, hadi leo hutajwa kuwa meli ya filamu hiyo. Kwenye filamu meli ya adui inazamishwa kwa mabomu ya kujitengenezea ya wapenzi wawili. Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, karibu na mdomo wa Malagarasi, mitambo ikiwa imepakwa grisi ili siku moja waiopoe. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kasoro inayouma zaidi ni ya watu waliofutwa. Wanakijiji wanaonekana mwanzoni wakiimba kanisani, nyumba zao zinachomwa, basi, hadithi inawaacha hapo. Wabelgiji hawamo kabisa, ingawa ni wao na askari wao Waafrika kutoka Kongo walioitwaa Kigoma mwaka 1916, wakaishikilia hadi 1921. Kwa Waha, wenyeji wa Kigoma, huko ndiko kubadilishwa kwa mtawala kulikotokea. Walimu wa Kibondo na Kasulu wanaofundisha Vita Kuu ya Kwanza waanzie hapo, kwenye mto ambao wanafunzi wao wanaujua kwa jina.