Koili ya mjomba na boom langu

Haya wadau, najua nimepotea wiki mbili. Sikuumwa wala sikufungwa, nilikuwa gereji na lile Datsun pick-up la mjomba. Wale mliowahi kurudi nalo kutoka Morogoro mmekalia matenga ya nyanya mnalijua.

Ni gari la miaka ya 1970, limerekebishwa mpaka limesahau lilivyozaliwa. Kabureta kubwa, nyaya zimefungwa upya zote, na koili nyekundu aliyouziwa kuwa ni ya magari ya mashindano. Tangu ifungwe, gari linatembea dakika 40 hivi, linakohoa, linazima. Ukigusa koili mkono unaurudisha mwenyewe. Ukiifunika kitambaa kibichi ukasubiri, linawaka kama hakuna lililotokea. Mafundi wameosha kabureta, wamebadilisha pampu ya mafuta, wapi. Koili ya kwanza ikafa, ya pili ikafa. Ya tatu ilinunuliwa kwa boom langu, maana nyanya zilikuwa zinaozea Chalinze na mjomba hana kitu mfukoni. Nikawa mtu wa mihogo. Na hiyo ya tatu ikachemka siku ya kwanza!

Sasa mimi nasoma historia, si uhandisi. Nikafanya ninachojua: nikaenda kutafuta koili ilitoka wapi.

Kumbe ni kongwe kuliko gari. Mwaka 1836 padri wa Ireland, Nicholas Callan, mwalimu wa sayansi pale Maynooth, alizungushia chuma kimoja nyaya mbili: moja nene na fupi, nyingine nyembamba na ndefu mno. Akikata ghafla umeme wa betri kwenye ile nene, ile nyembamba inarusha umeme mkali. Hapo ndipo pa kushika: cheche inatoka umeme unapokatwa. Ule muda unapopita, koili inajazwa tu, na inapata moto. Ruhmkorff, Mjerumani aliyekuwa na karakana Paris, aliiboresha hadi Napoleon III akampa zawadi ya faranga 50,000 mwaka 1864. Lenoir alikuwa ameshaitumia kuwasha injini yake ya gesi mwaka 1860.

Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na koili nne ndani ya sanduku la mbao, zinavuma kama nyuki. Charles Kettering wa Dayton, Ohio, akarahisisha: koili moja, pointi zinazofunguka mara moja kwa kila cheche. Ikaingia kwenye Cadillac za 1910, na ndio mtindo uleule uliomo kwenye Datsun la mjomba.

Sasa njoo miaka ya 1950. Magari mengi ya Marekani yalihama kutoka volti 6 kwenda 12. Tatizo: unapopiga stata, stata inakula betri, volti zinashuka mpaka 10 au chini, na cheche inadhoofika wakati ule ule unaoihitaji. Wakatengeneza koili ya volti chache, na mbele yake wakaweka resista. Ukipiga stata, waya wa pembeni unairuka resista, koili inapata chote kilichopo. Injini ikishawaka, umeme unapita kwenye resista, koili inapewa kipimo chake.

Nilipofika hapo nikafunga kitabu nikamfuata jamaa yangu wa uhandisi, ana mita. Tukazima gari, tukachomoa nyaya za koili, tukapima kati ya ncha zake mbili ndogo: ohmu 1.5. Alternata inatoa volti 14, ya kawaida tu, haina kosa. Basi piga hesabu: 14 kwa 1.5 ni zaidi ya ampea 9, karibu wati 130 za joto kila pointi zinapofunga, ndani ya kopo la ukubwa wa soda! Weka resista ya ohmu 1.5 mbele yake, zinabaki chini ya ampea 5, na joto la koili linashuka mpaka robo. Pointi zenyewe zilikuwa nyeusi, zimechimbika. Zilikuwa zinatuambia siku zote, sisi tunaosha kabureta.

"Mjomba, kwenye nyaya za zamani hakukuwa na kijiwe cheupe kama chaki?"

"Kilikuwepo, mjomba. Fundi alikitupa, alisema kinakula umeme."

Ni kweli kinakula, ndio kazi yake!

Tumefunga kingine, kwenye bati mbali na nyaya maana nacho kinapata moto, na waya wa pembeni kutoka stata. Ila msikimbilie kufunga kila gari. Koili ya ohmu 3 ya pointi haikihitaji, na magari ya kila plagi na koili yake yana kompyuta inayopima muda. Jingine, mjomba husikiliza mpira redioni swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Pointi zikisimama zimefunga, koili inapikwa dakika 90. Hilo nimemwambia kwa adabu, amenuna kidogo.

Jumamosi tumetoka Morogoro na mzigo. Chalinze tumepita bila kusimama. Kibaha nikaomba tusimame, nikafungua boneti nikashika koili: ya moto, lakini mkono unakaa.

Nusu ya boom ameshanirudishia. Nusu nyingine ni nyanya, ziko chini ya kitanda changu, mwenye sufuria apite kabla hazijalainika.