Orodha ya Vijenzi vya Programu: Nini na Kwa Nini

Lori linalopita Kajaga kuelekea mpaka wa Gatumba hubeba orodha ya mzigo; ofisa wa forodha huisoma kabla ya kufungua turubai. Programu ya kompyuta nayo yaweza kuwa na orodha yake, yenye jina la kila kijenzi kilichomo, toleo lake, mtengenezaji na leseni.

Umuhimu wake ulionekana Desemba 2021, ilipotangazwa kasoro kubwa katika Log4j, kijenzi kidogo kilichofichika ndani ya programu nyingi duniani. Asiye na orodha alilazimika kupekua mfumo mmoja baada ya mwingine.

Orodha hutolewa na zana kama Syft au Trivy, kwa muundo wa SPDX au CycloneDX, na hutolewa upya kila toleo linapobadilika. Kuanzia tarehe 11 Desemba 2027, sheria ya Umoja wa Ulaya itawalazimu watengenezaji wanaouza programu huko kuwa nayo.

Wasafirishaji wanaonunua programu ya kufuatilia malori wanashauriwa kuidai kabla ya kutia saini mkataba. Orodha haizibi kasoro, huonyesha ilipo.